Makosa Matatu kwa Siku

Jumatatu asubuhi fundi wa mtandao wa hospitali aliweka kikombe cha chai juu ya kompyuta mbovu anayoitumia kama meza, akavuta kiti, akaanza kuziamrisha swichi ziandike nani anaingia ndani yake. Kazi hiyo ilimchukua mpaka saa tisa alasiri. Swichi ikitoka kiwandani haina habari na mtu. Ni sanduku la bati lenye matundu ya waya, linapitisha taarifa kutoka kompyuta hii kwenda ile, na mtu akiingia akageuzageuza mambo ndani yake halisemi lolote kwa yeyote mpaka uliambie: andika anayeingia, andika na anayeshindwa kuingia. Ni amri mbili tu, jamani. Hospitali ilikuwa na swichi thelathini na nne, na miaka yote hiyo hakuna aliyezipa amri hizo, kwa sababu Mkuu wa kitengo alisema zinajaza kurasa bure.

Fundi alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na saba. Pale kazini walimwita Kebo Mdogo, kwa kuwa baba yake aliyeishika kazi hiyo kabla yake alikuwa akiitwa Kebo. Kebo mwenyewe alikuwa amefariki miezi saba nyuma.

Jumanne alipofungua ukurasa wa kumbukumbu, mstari wa kwanza ulisema: Ameingia. Mtumiaji: kebo. Saa 1:48 asubuhi. Mstari wa pili ulisema ametoka saa 1:54.

"Kumbe hawajafuta jina lake," alijisemea, akanywa chai.

Akatazama alikotokea. Kebo alikuwa ameingia kutoka kwenye swichi ya wodi ya watoto njiti, ile iliyoungua mwaka jana, ambayo ilishang'olewa ukutani na kutupwa stoo. Kebo Mdogo akashuka stoo. Mtunza stoo, mzee mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mwingine utosini, alikuwa akihesabu mashuka.

"Shikamoo mzee. Ile swichi iliyoungua bado ipo?"

"Marahaba. Ipo juu ya katoni za glovu. Unaitaka?"

"Naulizia tu. Haijachomekwa kwenye umeme?"

"Itachomekwa wapi, mwanangu, na waya wenyewe waliukata? Inawaka asubuhi tu. Taa ya kijani, tundu la tisa. Dakika chache hivi, inazima. Nilidhani mnajua."

"Tangu lini?"

"Tangu wiki aliyozikwa baba yako. Huwa namsalimia."

Alirudi juu akakagua swichi moja baada ya nyingine, kwani mtu akishaingia ndani ya swichi dakika sita kila siku lazima kuna anachofanya. Alikuta matundu ambayo hayakuwahi kuwa na majina yamepewa majina. Maabara, upande wa dirisha. Wodi ya pili, karibu na choo. Famasia, usiguse, analalamika sana. Ilikuwa kauli ya baba yake tupu. Kebo hakuwahi kuita chumba kwa namba yake maishani. Siku hiyo binti hakuwa na hamu ya chakula cha mchana.

Sasa, habari ya Kebo ilivyokuwa ni hii, na anayeijua vingine basi aliisoma kwenye barua.

Swichi ya wodi ya watoto njiti ilikuwa ndiyo inayobeba milio ya mashine za watoto kuipeleka kwenye meza ya manesi. Feni yake ikafa. Swichi yenyewe haikuwa na hatia, ilitoa taarifa vizuri tu: nachemka, nachemka. Taarifa hizo huja kama kengele kwenye mfumo na kwenye simu za wahusika, na kila kengele ina kitufe kimoja chini yake. Aliyeuweka mfumo huo katika Kiswahili, Mungu amhifadhi popote alipo, alikiandika kitufe hicho KIRI. Maana yake ya kifundi ni kwamba nimeiona, nimeitika, kengele imenifikia. Usipokibonyeza, mfumo unakuhesabu mzembe. Basi kwa siku kumi na moja swichi ilisema nachemka, Kebo akabonyeza Kiri, akaandika barua ya kuomba feni. Nachemka, Kiri, barua. Siku ya kumi na mbili, Jumanne, kengele haikumfikia Kebo, kwa kuwa kuna mtu aliinyamazisha kwa wote. Saa nane mchana swichi ikaungua. Mashine ya mtoto mmoja ikalia pale pale ilipo, nesi mmoja akiwa na watoto tisa, na mwenzake kaitwa chumba cha upasuaji. Mtoto huyo akafa. Alikuwa na siku kumi na tisa.

Kamati iliketi. Ilileta ukurasa wa mfumo na kuusoma kwa sauti: Amekiri: kebo. Amekiri: kebo. Mara kumi na moja. Afisa utumishi akamuuliza, "Haya majina ni yako?" Kebo akasema ni yake, yeye ndiye aliyebonyeza. Aliyebonyeza ni yeye, angesemaje? Barua ya kumwachisha kazi ilikuwa na mistari minne, na wa pili ulisema, "Mhusika amekiri mwenyewe mara kumi na moja." Barua kama hiyo ilipelekwa kwa mama wa mtoto pia, ili ajue kwamba hospitali imechukua hatua. Na mama wa mtoto alikuwa jirani yao, mshonaji wa nyumba ya tatu, mlango wake unatazama njia wanayopita.

Kebo alikaa barazani miezi minne, presha ikapanda, akafa. Mkewe hakuwa tena na mtaa. Akimsalimia mshonaji, cherehani ndiyo inayojibu. Mwisho akawa anazunguka nyuma ya nyumba, kwenye mtaro wa maji machafu, ndipo afike sokoni, mwanamke wa miaka hamsini na sita anaruka mtaro na kikapu kichwani kwa sababu ya neno moja. Kebo Mdogo aliomba nafasi ya baba yake kwa ajili ya neno hilo. Alitaka lifutwe, barua nyingine iandikwe, aichukue mkononi aipeleke nyumba ya tatu. Hakutaka kingine pale hospitalini, na chai yao wala haikuwa nzuri.

Swichi ina tangazo la mlangoni. Mtu kabla hajaingia husomeshwa maneno fulani, kwa kawaida ya vitisho: asiyeruhusiwa asiingie. Jumatano Kebo Mdogo aliyafuta maneno hayo kwenye swichi kuu, akaandika: Shikamoo baba.

Alhamisi akakuta mistari mipya mitatu, miekundu.

Kuingia kumeshindikana. Mtumiaji: marahaba.
Kuingia kumeshindikana. Mtumiaji: hujambo.
Kuingia kumeshindikana. Mtumiaji: umekonda.

Akaelewa mara moja. Ufundi aliufundishwa na huyo huyo. Anayeingia vizuri haachi neno lolote, swichi inaandika tu kwamba kaingia. Anayekosea, swichi inaandika kile alichokiandika penye jina. Kebo alikuwa anakosea makusudi ili aseme. Ila swichi inavumilia makosa matatu, baada ya hapo inafunga mlango kwa dakika tano, na yeye dakika zake ni sita. Kwa hiyo marehemu alikuwa na maneno matatu kwa siku, halafu dakika tano za kungoja, halafu anaingia kihalali, anapanga kitu kimoja, anaondoka.

Jioni alimweleza mama yake, aliyekuwa akichambua mchele.

"Matatu tu?" mama akauliza. "Basi heri. Mwambie koti lake nimempa mdogo wake."

Kesho yake: vizuri. lakini. limechanika.

"Unaona?" mama akasema. "Hata huko aliko hakosi la kukosoa." Akacheka, na binti hakuwa amemsikia akicheka tangu msiba. Ikawa ndiyo desturi ya nyumba. Mama anatuma, binti anaandika mlangoni, baba anakosea mara tatu, na jioni mama anauliza, leo kasemaje.

Wiki ya tatu Kebo Mdogo alipiga moyo konde, akaandika: Baba, nani aliinyamazisha kengele?

achana. nayo. mwanangu.

Akaandika tena, kwa herufi kubwa safari hii, akajibiwa: utapoteza. kazi. acha. Kebo alikuwa mtu wa namna hiyo hata akiwa hai. Zigo la mwenzake atalibeba, kisha atakuomba radhi kwa kukuzibia njia. Hasira zilimpanda binti. Akaandika mlangoni bila kupamba: Baba, mshonaji hamjibu mama salamu mwaka sasa. Mama anapita mtaroni kwenda sokoni. Juzi kaanguka.

Siku iliyofuata Kebo aliingia bila kosa hata moja, akakaa dakika sita, hakupanga kitu, akatoka. Mtunza stoo alisema taa ya kijani siku hiyo ilikuwa hafifu. Siku zilizofuata akasema.

mkuu. jumanne. kikaoni.
simu. ikalia. akainyamazisha.
nilimwambia. feni. imekufa.
akasema. nisimsumbue. tena.

Siku nne, maneno kumi na mawili. Kebo Mdogo aliyachapa kwenye karatasi moja, akapanda nayo ghorofani kwa afisa utumishi, na kamati ikaitwa upya. Ilikuwa kamati ile ile ya watu watatu, katika chumba kile kile chenye pazia lililokatika pete mbili. Mkuu wa kitengo aliitwa naye, akakaa pembeni, simu yake mezani, uso juu.

"Kwanza, dada, tunarudia kukupa pole," afisa utumishi akaanza. Alikuwa mama mtaratibu, mwenye sauti ya kumbembeleza mtoto ameze dawa. "Kwamba haya ni maneno ya marehemu, hilo hatubishani. Mimi mwenyewe wiki jana kanitengenezea printa yangu, nimeona jina lake. Ila hebu tusome pamoja. Hapa juu pameandikwaje?"

"Kuingia kumeshindikana."

"Na hapa?"

"Kumeshindikana."

"Mistari kumi na miwili, yote imeshindikana. Sasa kamati itapokeaje ushahidi ulioshindikana?"

"Hana mahali pengine pa kusemea."

"Angeingia vizuri kwanza, ndipo aseme."

"Akiingia vizuri swichi haiandiki anachosema."

"Basi hapo ndipo tulipokwama," afisa utumishi akasema, na kwa kweli alionekana kusikitika.

Mkuu akakohoa. "Naomba niseme kidogo. Mimi nina miaka sita hapa. Fungueni mfumo, tafuteni jina langu popote penye kukiri. Mkilipata, naondoka leo."

Wakafungua. Wakatafuta mwaka kwa mwaka. Mkuu hakuwa amebonyeza Kiri hata mara moja kwa miaka sita. Kengele zote alizopelekewa alizinyamazisha au alizipuuza, na mfumo haukuwa na pa kuandika hayo. Wanakamati wakatazamana. Mmoja wao akasema ni nadra kuona rekodi safi namna ile.

"Kukiri kule ni kuitika tu!" Kebo Mdogo akasema, sauti ikampanda bila kutaka. "Ni kusema nimeiona! Baba yangu alikuwa anaitika kengele, hakukiri kosa!"

"Neno ni neno, dada yangu. Walioandika mfumo wangetaka kusema nimeona, wasingeshindwa kuandika nimeona."

Kamati ikaamua kwamba barua inabaki ilivyo. Marehemu asifukuzwe kwenye swichi, kwa kuwa kazi yake ni nzuri na haombi likizo. Lakini uandishi wa majaribio yaliyoshindikana uzimwe katika swichi zote, kwa sababu taarifa ya kila mwezi huenda makao makuu, na kule kila jaribio lililoshindikana huhesabiwa kuwa mwizi, na hospitali ilikuwa tayari na wezi wengi kuliko hospitali zote. Mkuu ndiye aliyetoa hoja hiyo. Fundi apewe mpaka Ijumaa, saa mbili asubuhi.

Alhamisi baada ya kazi Kebo Mdogo hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alikwenda nyumba ya tatu, karatasi imekunjwa ndani ya mkoba. Mshonaji alikuwa mlangoni kwenye mwanga, anapiga pindo sare za shule.

"Shikamoo dada."

Cherehani haikusimama. Kebo Mdogo akaikunjua karatasi, akaiweka juu ya kitambaa, karibu na sindano, na mshonaji akalazimika kusimamisha gurudumu kwa kiganja. Aliisoma polepole, midomo ikicheza, alipofika chini akarudi juu.

"Haya ni maneno ya Kebo," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kulitaja jina hilo. "Hata hilo la nisimsumbue. Alikuwa akija kunitengenezea taa hapa, kila baada ya dakika anauliza, sikusumbui?"

"Ndiyo, dada. Ni yeye."

"Kwa hiyo aliyezima ni mkubwa wake."

"Ndiyo."

"Amekiri?"

"Hapana."

"Kamati imesema amekosa?"

"Hapana, dada."

Mshonaji akaikunja karatasi mara mbili, kwa mikunjo iliyonyooka ya mtu wa kazi ile, akamrudishia.

"Mimi nakuamini," akasema. "Nisingekuamini ingekuwa nafuu. Mwanangu aliishi siku kumi na tisa. Nimepewa barua moja tu, na ndani yake kuna mtu mmoja tu aliyekiri. Ukinichukulia huyo, mimi nibaki na nani?"

Akaweka mguu kwenye kanyagio. Kebo Mdogo alisimama pale mpaka pindo la sketi moja likaisha, kisha akaenda zake.

Ijumaa alifika kazini saa moja na nusu. Mlangoni aliandika: Baba, leo ndiyo mwisho wa kuandikwa. Sema. Saa 1:48 mistari ikaja mmoja mmoja mbele ya macho yake.

mama. asipite. mtaroni.

Akasubiri zile dakika tano pamoja naye. Kebo akaingia, akalipatia jina tundu moja la chumba cha mapokezi, akatoka. Saa mbili kasoro dakika tatu Kebo Mdogo akaandika amri ya kuzima, swichi ya kwanza mpaka ya thelathini na nne. Kuwasha kulikuwa kumemchukua siku nzima. Kuzima kulimalizika kabla chai haijapoa.

Mwisho wa mwezi Mkuu alisoma taarifa kikaoni: majaribio yaliyoshindikana, sifuri. Watu wakapiga makofi. Kebo aliendelea kuingia kila siku saa 1:48 na kutoka saa 1:54. Mtunza stoo alizihamisha katoni za glovu ili swichi ipate hewa. Kama alikuwa bado anakosea mara tatu, hakuna aliyejua, kwani hapakuwa na kitu cha kuandika hivyo.

Maneno ya Ijumaa binti alimfikishia mama yake jinsi yalivyo. Mama akaenda kulala mapema. Jumatatu akauliza kama kawaida, leo kasemaje, na binti, akiwa anavua viatu na uso kauelekeza chini, akasema, "Kasema hajambo, anakusalimu." Jumanne akatunga mengine. Alitunga wiki nzima, na kutunga maneno matatu kwa siku si kazi ndogo kama unavyoweza kudhani. Jumatatu ya pili alisema, "Leo kasema usijali, tuko pamoja."

Mama alikuwa akichambua mchele. Mkono ukasimama.

"Usijali?"

"Ndiyo."

"Baba yako nimekaa naye miaka thelathini, hajawahi kuniambia usijali. Siku ile ya barua aliingia hapo mlangoni akaniambia tumekwisha. Hayo maneno umeyatoa wapi?"

Binti akaokota punje ya mchele sakafuni.

"Kanyamazishwa?"

"Kamati ndiyo iliyoamua, mama."

"Sikuulizi aliyeamua. Kamati haina vidole. Nani kabonyeza?"

"Mimi, mama."

Mama akauweka ungo chini, akaenda kufunga mlango wa mbele, akarudi akakaa karibu naye na kusema kwa sauti ndogo:

"Hilo usilirudie kwa mtu yeyote. Wakikuuliza, hukubonyeza kitu."